Maumivu Yanayohamahama

Juma hili twataka kunena na wazazi wenye watoto wa miaka 5 hata 15, juu ya ugonjwa ambao hapa Bunia mara nyingi hupewa jina lisilo lake. Mtoto aamka goti limevimba, lina moto, wala hawezi kukanyaga. Siku ya tatu goti limepoa, na sasa kifundo cha mguu ndicho kinachomliza, kisha kiwiko. Mmoja nyumbani asema ni malaria, mwingine asema karogwa, maana uchungu gani hutembea mwilini kama mwizi? La, sivyo. Ni homa ya baridi yabisi, nayo ilianzia kooni.

Majuma 2 au 3 kabla yake mtoto aliumwa koo, nanyi mkasahau. Kijidudu kiitwacho streptokoki kiliingia, na askari wa mwili wakaondoka kupigana nacho. Lakini kijidudu hicho kina sehemu zinazofanana na nyama ya mwili wetu. Basi kwa watoto wengine askari hao huendelea kupiga hata adui akiisha kutoweka, wakiwapiga wenyeji: viungo, na lililo baya zaidi, vilango vya moyo. Goti hupona bila kovu. Moyo haponi hivyo. Na panapolala watoto wengi katika hema moja, kama kwa ndugu zetu waliokimbia vita wakakaa kambini Kigonze, koo la mmoja huwa la wote.

Walimu nao wasikie. Mwanafunzi ambaye mwandiko wake umeharibika ghafula, mikono yaruka ovyo, kalamu yamwanguka, msimpige kwa utundu. Huenda ni ugonjwa huu huu. Wazungu wa kale waliuita ngoma ya Mtakatifu Vitus.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kitoshacho. Daktari hukusanya dalili kwa kanuni alizopanga Mmarekani T. Duckett Jones mwaka 1944, zilizorekebishwa mwaka 2015. Husikiliza moyo, na penye mashine ya mwangwi hutazama vilango vikifunguka na kufungika. Kwa hiyo msikimbilie aspirini ya dukani. Yatuliza viungo upesi, yamfichia daktari ushahidi, wala hailindi moyo.

Kinga yenyewe ni sindano ya penisilini kila majuma 4, miaka 5 kwa uchache. Moyo ukiisha kuguswa, miaka 10 au zaidi. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa mtoto acheza mpira na sindano yauma. Tazameni kwa jirani zetu, kaskazini mwa Uganda. Tangu 2018 waganga waliwafuata kwa miaka 2 watoto ambao mashine ilionyesha dalili za kwanza moyoni, nao wenyewe hawakusikia lolote. Kati ya 399 waliochomwa sindano, ugonjwa uliendelea kwa 3. Kati ya 400 wasiochomwa, kwa 33. Vilango vikiisha kuharibika hutakiwa upasuaji, na wangapi kwetu waweza kulipa safari ya Kampala, sembuse kisu chenyewe?

Mhudumu aulizwe kwanza kama penisilini imewahi kumdhuru mtoto. Karatasi ya sindano itunzwe pamoja na cheti cha ubatizo. Na binti aliyeugua hivyo utotoni, siku atakapochukua mimba, amweleze mkunga mapema, hata kama hajisikii kuchoka, kwa kuwa mimba huuongezea moyo kazi.