Tuhesabu Makosa Kabla ya Kuhesabu Maiti

Kila chombo kinapozama husikika sauti mbili. Ya kwanza hutoka matangani: ajali haina kinga. Ya pili hutoka kwa wakubwa mbele ya kamera: chanzo ni kosa la kibinadamu. Zinaonekana kupingana, kumbe zote mbili kazi yake ni kufunga faili. Moja humwachia Mungu, nyingine humwachia nahodha, ambaye mara nyingi ni marehemu na hawezi kujitetea. Mimi nasema, wasomaji wenzangu, kwamba ajali nyingi za meli zina kinga, na kinga hiyo huanza kwa kalamu na karatasi.

Tarehe 6 Machi 1987 kivuko cha Waingereza, Herald of Free Enterprise, kiliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Dover, milango ya omo ikiwa wazi. Maji yakaingia sitaha ya magari, chombo kikalala ubavu muda mfupi tu baada ya kutoka bandarini, na watu 193 wakafa. Nani alikosa? Jibu rahisi lipo. Msaidizi wa serahangi, aliyepewa kazi ya kufunga milango, alikuwa amelala chumbani mwake. Uchunguzi ungeishia hapo, angefukuzwa mtu mmoja, na vivuko vingine vingeendelea kutoka wazi. Maana vivuko vya kampuni ile vilikwisha kutoka hivyo kabla ya siku hiyo.

Jaji Sheen, aliyeongoza uchunguzi rasmi, hakuishia hapo. Ikabainika kwamba ofisa wa kuhakiki milango alitakiwa pia awe juu kwa nahodha wakati wa kuondoka, na mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Kutoka alipokuwa, nahodha hakuweza kuiona milango ile. Manahodha walikwisha kuomba taa ndogo ya kuwaonyesha kama milango imefungwa. Wakubwa wa nchi kavu wakalijibu ombi hilo kwa kejeli. Omo nayo ilikuwa imedidimia kuliko kawaida, kwa kuwa gati la Zeebrugge halikulingana na sitaha ya juu, ikabidi kujaza maji ya farumi upande wa mbele ili magari yapande. Juu ya hayo, kulikuwa na barua ya ndani iliyowahimiza maofisa waondoke mapema. Haya, mkamateni huyo mkosaji mmoja.

Wahandisi hulichora jambo kama hili katika mchoro uitwao mti wa hitilafu. Juu huandikwa msiba wenyewe: meli kupinduka. Chini yake huandikwa yanayoweza kuuleta, na chini ya kila moja yale yanayolizaa, hadi mizizini. Matawi yanapokutana huwekwa "na" ama "au". Penye "na" lazima yote yatokee pamoja. Penye "au" moja latosha. Uwezekano wa mambo ya "na" huzidishwa: yakiwa matatu, na kila moja hutokea safari moja katika mia, basi kukutana kwake ni safari moja katika milioni. Mwenye meli akiiona hesabu hiyo hulala usingizi mnono. Asilale! Kuzidisha huko ni halali pale tu mambo hayo yasipohusiana. Haraka ile ile ikimzuia ofisa kungoja milango ifungwe, ikamzuia nahodha kuuliza, ikaongeza na mwendo unaosukuma maji omoni, hayo si mambo matatu tena. Ni mzizi mmoja, na ile milioni hurudi jirani ya mia.

Ndiyo maana sikubali mgawanyo tunaoupenda, kosa la mtu huku na hitilafu ya chombo kule. Taa isiyowekwa ni upungufu wa chombo. Aliyeikataa ana jina na meza.

Tuje nyumbani, Tanzania. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, walikufa watu zaidi ya 800, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ilipozama MV Spice Islander I baina ya Unguja na Pemba mwaka 2011, waliokufa walitajwa kwanza kuwa takriban 200. Baadaye tume ikasema waliokufa na waliopotea walizidi 1,500. Pengo hilo halikutokana na kukosea kujumlisha. Hakuna aliyejua nani kapanda! Na mwaka 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, siku ya gulio, watu 228 wakafa. Fundi atasema chombo kilipoteza uthabiti, na atakuwa amesema kweli. Lakini siku ya gulio imo katika kalenda. Mwenye kuuchora mti wa kivuko kile angeiandika mzizini, na jirani yake angeandika njia isiyo na chombo cha pili.

Kutokana na msiba wa Zeebrugge na mingine, dunia ilitunga kanuni ya usimamizi wa usalama wa meli, ikaanza kuzibana meli za abiria za safari za kimataifa tarehe 1 Julai 1998, na wakubwa wa nchi kavu wakatiwa ndani ya wajibu huo. Vivuko vyetu vya ndani haviendi nchi ya nje, kwa hiyo sharti tujibane wenyewe.

Basi, wasimamizi wa magati, hesabuni vichwa kabla kamba haijafunguliwa. Baharia akija kukiri kwamba jana walitoka mlango haujakaza, msimfukuze. Mkimfukuza huyu, wa kesho atanyamaza na mti wenu utakosa tawi. Na nyinyi wadhibiti wa vyombo, TASAC ya Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, tubandikieni magatini kila mwezi, kwa Kiswahili chepesi, safari zilizoponea chupuchupu na sababu zake, abiria azisome kabla ya kukata tiketi.