Usiache Chapo Kabla Hujapimwa

Leo sina utani. Hii inaenda kwa wenzangu wa kontenti, wale wa "acha ngano siku 30 uone tumbo likiingia ndani". Mnaumiza watu. Najua kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Ukiwa na mia mfukoni, ngano ndiyo inakubeba: asubuhi mandazi na chai, mchana chapo madondo, jioni smocha. Tumbo likawa linavimba kama ngoma. Kuhara kila wiki, vidonda mdomoni, uchovu hadi nalala darasani. Kemisti mmoja wa mtaani alinipa dawa ya ameba mara nne. Mara nne, na hakuna siku alisema choo ipimwe! Kliniki ikaniambia damu imepungua, nikapewa tembe za kuongeza madini ya chuma. Nikameza miezi, damu ikakataa kupanda.

Ndio nikakutana na video. Jamaa ana misuli, ana linki ya kuuza unga wake, anasema gluteni ni sumu kwa kila mtu. Nikaacha ngano. Wiki mbili tu nikajisikia mtu mpya. Miezi mitatu baadaye nikaenda kupimwa damu, nipate jibu rasmi. Kipimo kikasema niko sawa.

Daktari akaniuliza, "Kwani unakula ngano?" Nikamjibu kwa fahari kwamba niliacha. Akatikisa kichwa.

Sikilizeni basi, kwa sababu video haisemi hii. Kuna ugonjwa unaitwa seliaki. Ukila gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, mwili unashambulia utumbo wako mwenyewe. Chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri, ndiyo maana damu inapungua hata ukila vizuri. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza wakati gluteni inaingia. Ukiacha, zinashuka. Utumbo nao unaanza kupona, kwa hivyo hata kamera ya endoskopi inaweza kukosa kitu. Ugonjwa uko, lakini umeufichia daktari.

Nikaambiwa nirudi kula ngano kila siku kwa wiki sita ndio nipimwe upya. Wiki sita za kujilisha kitu kinachoniangusha. Zikaangukia mitihani, sikuifanya. Sisemi video ndiyo ilinitoa chuo, karo pia ilikuwa imenilemea. Lakini zile wiki ndizo zilimaliza mambo. Kipimo cha pili kikaonyesha, endoskopi ikathibitisha. Seliaki, ya maisha.

Najua kuna mtu anaandika kwa komenti, "Ulijisikia poa bila ngano, si hilo ndilo jibu?" Hapana. Kuna watu ngano inawasumbua na hawana seliaki. Wengine hata si gluteni, ni aina ya sukari iliyo kwenye ngano, na iko pia kwa vitunguu na maharagwe. Huyo anaweza kula nusu chapo na maisha yaendelee. Mimi hata makombo yananiharibu utumbo, hata siku sisikii maumivu. Bila kipimo, utajuaje wewe ni yupi? Na ukiwa na seliaki, ndugu zako na wazazi wako wanafaa kupimwa pia, kwa sababu inatembea kwa familia.

Na kuna mzio wa ngano, huo ni kitu kingine kabisa. Ukila midomo ivimbe au koo libane, usingoje kipimo. Acha hapo hapo, kimbia hospitali.

Halafu nyinyi wa "huo ni ugonjwa wa wazungu", tulieni. Utafiti wa 1999 kwa watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, ulikuta zaidi ya 5 kati ya 100 wana seliaki. Dunia nzima hukadiriwa kuwa karibu mmoja kati ya 100. Wasahrawi ni Waafrika, kama hukujua.

Ukishapimwa na kuambiwa uache, huhitaji ule mkate wa supamaketi wa bei ya kuogofya. Ugali, nduma, viazi vitamu, matoke, githeri, wali: hivyo vyote havina gluteni, shosho alikula kabla hujazaliwa. Uji wa wimbi na mtama uko sawa, ila uliza unga umechanganywa na nini na kama kinu hicho hicho kinasaga ngano. Muulize mama wa kibandaski kama supu imekorogwa na unga. Soma pakiti ya smokie na soseji. Bia nyingi ni shayiri, pole.

Kwa hivyo ukiwa na dalili kama zangu, endelea kula kawaida, choo ipimwe, halafu uulizie kipimo cha damu cha seliaki. Najua vipimo ni pesa. Mimi nililipia mara mbili.

Na wewe mwenye video ya siku 30, sikuombi uifute. Weka maneno mawili juu yake: PIMWA KWANZA. Kama hayo yataharibu biashara yako ya unga, basi tushajua ulikuwa unauza nini.