Maiti Si Bidhaa



Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye akili na adabu, alinijia akaniuliza: "Sheikh, filamu ya Gimme Shelter watu wanaisifu kuwa ni ushahidi wa historia. Ukiacha hizo ngoma na magita, ubaya wake ni upi?" Nikaitazama mpaka mwisho, nisije nikahukumu nisilolijua. Ngoma na magita leo nayaacha kweli, maana habari yake tumekwisha isema mara nyingi. Nataka kusema lililo zito zaidi.

Tarehe 6 Desemba 1969 bendi ya Kiingereza, Rolling Stones, ilipiga muziki wa roki huko Altamont, California, mbele ya watu wapatao 300,000. Watu waliambiwa ni bure. Lakini ndugu wawili, Albert na David Maysles, walikuwapo na kamera zao, na filamu haikukusudiwa kuwa bure. Uwanja wa kwanza, Sears Point, ulishindikana kwa kuwa wenyewe walidai fedha na haki ya kuisambaza filamu hiyo. Mambo yote yakahamishwa mbio mbio. Jukwaa lililoundwa kukaa juu ya mwinuko likawekwa chini ya mteremko, kimo chake kama mita moja tu, na umati ukalielemea. Ulinzi likapewa genge la wapanda pikipiki, Hells Angels, na ujira wao, kama inavyosimuliwa, ulikuwa bia ya dola 500. Subhanallah! Mlinzi analipwa ulevi!

Kijana Mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, alitoa bastola karibu na jukwaa. Mmoja wa genge lile akamchoma kisu, akafa. Siku ile walikufa watu wanne.

Filamu ilitolewa New York tarehe 6 Desemba 1970, mwaka mmoja kamili. Ndani yake mwimbaji Mick Jagger ameketi mbele ya mashine ya kukatia picha, na kifo cha yule kijana kinarudishwa nyuma, kinapunguzwa mwendo, kinatazamwa tena.

Watetezi watasema: picha ile ilisaidia haki. Ni kweli, nami siikatai. Ilionyeshwa mahakamani, na Januari 1971 mshitakiwa aliachiwa kwa kuonekana kuwa alijihami. Lakini angalieni tarehe. Tikiti zilianza kuuzwa kabla ya hukumu kutolewa! Shahidi hupeleka ushahidi wake kwa kadhi, akautua mzigo. Akiupeleka sokoni akautangazia bei, huyo si shahidi tena, ni mchuuzi. Na maiti si bidhaa.

Wengine watasema: huyo hakuwa wa dini yetu, yatuhusu nini? Hao wamesahau kuwa Mtume (S.A.W.) alipitiwa na jeneza akasimama. Alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, aliwauliza kama ile nayo haikuwa nafsi. Basi kijana wa Altamont naye alikuwa nafsi, na alikuwa na mama. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila alama yoyote, huku filamu ya kifo chake ikizunguka dunia nzima. Hayo peke yake yatosha kuwa hoja.

Na sisi tusijione tumesalimika. Gari likipinduka katika barabara zetu, kabla ya mtu kuvua shuka amsitiri aliyelala chini, simu kumi zimekwisha inuliwa. Jioni picha imefika kwa mjane kabla ya habari. Nani aliyempa ruhusa huyo mpiga picha? Na wewe uliyeipokea ukaisambaza, una tofauti gani na yule aliyenunua tikiti New York?

Mwanangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili: ukimkuta mtu anakufa, mikono yako ina kazi. Msaidie, msitiri, umwombee kheri anayestahiki. Ukiwa umeona jambo la kesi, lipeleke kwa wenye kuhukumu. Kisha funga jicho lako, na la kamera pia.

Wabillahi tawfiq.