Aliyefaulu asikwamishwe na uraia

Asubuhi za Juni hapa Tandala, Makete, baridi hukulazimisha kuusogelea moto. Ndipo humkumbuka mwanafunzi wangu wa Ulyankulu, Tabora, nilikofundisha kabla ya kustaafu. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972. Yeye alizaliwa hapa hapa nchini. Kidato cha sita alipata daraja la kwanza. Mkopo wa chuo hakuweza kuomba, kwani sheria ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo inataka mwombaji awe Mtanzania. Alirudi kulima tumbaku na baba yake.

Mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia zaidi ya 162,000 kati ya wakimbizi hao. Nilifurahi mno. Lakini kijana wangu mlango ulimfungukia akiwa tayari ana mke na watoto wawili.

Wenzake wapo leo kambini Nyarugusu, Kigoma. Ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, huwasomesha wakimbizi, ila wenye sifa ni wengi kuliko nafasi.

Najua fedha hazitoshi hata kwa watoto wetu. Huku Makete mzazi huuza viazi, na ada bado haitimii. Lakini mkopo si sadaka. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Nawaomba wabunge wafungue dirisha, hata dogo, kwa vijana waliozaliwa hapa wakafaulu vizuri. Watakaotibiwa na kufundishwa nao ni sisi.