Mpelelezi Baina ya Mishono

Aghalabu riwaya ya upelelezi hutupwa katika kapu la fasihi pendwa hata kabla haijasomwa. *The Fashion in Shrouds* (1938) ya Mwingereza Margery Allingham inastahiki hukumu nyingine. Mpelelezi wake, Albert Campion, si askari. Ni muungwana mwenye miwani na uso wa kibwege, ambaye watu humropokea siri kwa kumdhania zuzu. Hapo ndipo kinapozaliwa kicheko cha riwaya. Kama Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, Campion hupeleleza zaidi kwa mazungumzo kuliko kwa bastola.

Dada yake, Val, ni mbunifu wa mavazi mjini London. Gauni alilombunia mwigizaji Georgia Wells linaigwa kwa siri, na wizi huo wa mshono unafuatiliwa sambamba na vifo. Allingham ametambua kwamba nguo ni zao la akili, nalo lina mwenyewe. (Fundi yeyote ambaye mshono wake umewahi kuigwa angelielewa hili bila mhadhara.)

Ndiyo maana mwisho wake unaudhi. Alan Dell anamposa Val kwa sharti la kuiacha kazi hiyohiyo, naye anakubali! Kusingizia fikra za zama zile hakutoshi: miaka mitatu kabla, katika *Gaudy Night* (1935), Dorothy L. Sayers alikwisha kumfanya mwandishi Harriet Vane aikubali posa bila kuitupa kalamu.