Tuanze na Benchi la Nyuma

Wahenga walinena, na hawakukosea, kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Ndugu msomaji, methali hii hunijia akilini kila nionapo Land Cruiser iliyotoka kwa fundi ikapambwa ikapambika: keria pana juu ya paa, taa nne mbele, mitungi imepangwa kama askari katika gwaride, na vibandiko vya kila rangi. Watu husimama wakaitazama. Lakini hebu fungua mlango wa nyuma! Utakuta mabenchi mawili yanayotazamana, sponji imelala kama chapati, na jeki inabingirika miguuni mwa abiria. Hapo hujiuliza: je, gari hili lilitengenezewa nani?

Maoni yangu ni haya, na sitayaficha. Anayetaka kuongeza nafasi ya mizigo na starehe katika gari la porini na aanze na yule anayeketi nyuma. Mzigo ukae chini na ufungwe. Kiti kiwe na mgongo, mkanda na sponji ya maana. Urembo ufuate baadaye, pesa zikibaki.

Mimi ni mwenyeji wa Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, Kaunti ya Marsabit. Barabara ya lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale, iliyokamilishwa katika miaka ya 2010, ilituondolea dhiki kubwa. Hata hivyo, ukiiacha lami pale Marsabit kuelekea kwetu, utakaribishwa na mawe, changarawe na mchanga. Mvua ikinyesha, Chalbi hugeuka tope la kunasa ngamia. Huko kwetu Land Cruiser ndiyo matatu, ndiyo lori la duka, na mara nyingi ndiyo ambulansi. Anayeketi nyuma ni mama mjamzito, ni mzee anayepelekwa hospitalini, au ni mwanafunzi kama mimi na sanduku langu la bati. Kwa hivyo wajua, nikisema juu ya benchi la nyuma sisemi mambo ya kusikia.

Natuanze na paa. Wengi wakiishiwa na nafasi ndani, jibu lao la kwanza ni keria. Haya, tupige hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la nne ataiweza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mitungi minane ya lita 20 ni kilo 160 za maji, mbali na uzito wa mitungi yenyewe na wa keria. Hiyo ni sawa na kuwalaza watu wazima wawili juu ya paa, tena watu waliokula wakashiba! Uzito ukipanda juu, gari hupoteza uthabiti wake. Gurudumu moja likiingia shimoni au dereva akikata kona kwa haraka, gari ambalo lingeyumba tu hupinduka. Kitabu kinachokuja na gari hutaja uzito ambao paa linaweza kubeba, lakini ni wangapi hukifungua? Juu ya paa pawekwe vitu vyepesi: mikeka, blanketi, turubai. Maji na dizeli vikae chini, katikati ya gari, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Jambo la pili ni mzigo wa ndani usiofungwa. Hapa namshukuru mwalimu wetu wa Fizikia, maana somo lake si la kupita mtihani tu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kisha ligonge kitu na kusimama ghafla, kila kilicho ndani huendelea kwenda kwa mwendo ule ule mpaka kizuiwe. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji, ulio nyuma ya kichwa chako, unakujia kwa nguvu sawa na ile ungekuwa nayo kama ungedondoshwa kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani kutoka ghorofa ya tatu. Ni nani kati yetu angekubali kusimama chini ya ghorofa hiyo? Na bado kila muhula twaketi mbele ya mitungi, majeki na magunia bila hata uzi wa kuyashikilia.

Dawa yake si ghali. Fundi seremala na fundi wa kuchomelea vyuma wakishirikiana, wanaweza kutengeneza kasha la chini lenye droo mbili, likakaa sakafuni baina ya matao ya magurudumu. Vifaa vizito viingie humo. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha. Ya milimita 18 ni nzito bure, kwani shiti moja nzima yaweza kukaribia kilo 30 au kuzidi. Kasha lishikwe kwa boliti zinazopita sakafuni, zenye wosha pana upande wa chini. Skrubu ndogo zilizokitwa katika bati jembamba hazitahimili kishindo. Aidha, kuwe na pete za chuma za kufungia kamba, ili mtungi na gunia vibaki mahali pake.

Tatu ni starehe yenyewe. Kuna watu wakisikia neno starehe huinua mdomo wakasema, "Ati starehe porini? Hiyo ni anasa ya watu wa Nairobi!" La hasha! Springi za nyuma za Land Cruiser ya kazi ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, zilizokusudiwa kubeba mzigo mzito. Gari likiwa halina mzigo wa kutosha, springi hizo hurusha. Anayerushwa zaidi ni yule aliye nyuma kabisa, kupita ekseli, na ndipo mabenchi yetu yalipo. Mtu mwenye mfupa uliovunjika, au mama ambaye uchungu umemshika, akirushwa hivyo kwa saa nzima, hufika akiwa hoi kuliko alivyoondoka. Kwake yeye, sponji nzito isiyolala upesi ni sehemu ya matibabu.

Isitoshe, kuna joto na vumbi. Paa la bati tupu chini ya jua la Chalbi ni tanuri. Likibandikwa sponji isiyonyonya maji upande wa ndani, joto hupungua na kelele pia. Sponji ya godoro haifai kazi hiyo, maana hunyonya unyevu na kuozesha bati kwa kutu. Nalo vumbi huvutwa na hewa inayozunguka nyuma ya gari linapokwenda, likapenya mlangoni. Raba za mlango zikibadilishwa, madirisha ya nyuma yakafungwa, na feni ya mbele ikasukuma hewa ndani, vumbi hupungua sana. Mwenye pumu atakuombea dua.

Kunradhi, msomaji, sasa niseme linaloniuma. Nairobi kuna karakana zinazochukua Land Cruiser, zikairefusha chesisi, zikainua paa, zikaweka kila kiti karibu na dirisha, kikitazama mbele, kina mkanda, na katikati pana friji ya soda. Gari hilo humpeleka mtalii Maasai Mara kumwona simba. Mimi simwonei mtalii wivu. Analipa, na pesa zake twazihitaji. Lakini kumbe ufundi tunao, tena hapa hapa nchini! Kama mafundi wetu wanajua kumketisha mgeni vizuri aende kutazama wanyama, mbona mwenyeji anayekwenda hospitalini aketishwe juu ya mtungi?

Nimewahi kumuuliza dereva mmoja jambo hili, mzee ninayemheshimu. Alicheka, akanijibu, "Mwanangu, mzigo hulipa na haulalamiki." Nakiri jibu lake lina uzito. Mafuta ni ghali, njia ni mbovu, na kiti kimoja kikipunguzwa ni hasara. Hata hivyo, gari likipinduka mara moja tu, faida ya mwaka mzima huenda na maji. Droo za chini nazo huongeza nafasi badala ya kuipunguza, kwa sababu juu yake bado mtu anaweza kuweka magunia na kuyafunga.

Tena tukumbuke historia. Februari 2004 zile kanuni zilizoitwa Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa, wenye matatu walilia kwamba mikanda itawafilisisha. Je, matatu ziliisha barabarani? Mkanda wa mjini na uje mpaka Kalacha. Ushikizwe katika chuma imara, na viti vitazame mbele, kwani abiria aketiye ubavu mkanda haumlindi vyema.

Basi wito wangu ni mfupi. Wewe mwenye gari, kabla ya kununua taa ya tano, keti benchi la nyuma kutoka Marsabit hadi Kalacha, kisha uamue. Wewe fundi, mshauri mteja wako ukweli, hata kama alikuja kutafuta urembo. Nawe mwanafunzi mwenzangu, ukipanda gari likizoni, uliza kwa adabu, "Mzee, mtungi huu umefungwa?" Kuuliza si ujinga. Kinga ni bora kuliko tiba, hasa mahali ambapo tiba iko mbali, na gari la kukupeleka huko ndilo hilo hilo ulilopanda.