Tunagombania mukimo, mawele yanatuponyoka

Uliza watu watatu kutoka kando ya Mlima Kenya mukimo halisi ni upi, na chakula kitapoa mkiwa bado mnabishana. Wa Nyeri atasema mukimo ni wa Wakikuyu, wengine wote waliiga. Wa Nkubu atasema mukimo bila ndizi mbichi ni viazi tu vilivyopondwa vikapakwa rangi ya kijani. Wa Runyenjes atawaacha mmalize kelele, kisha aseme nyote mlijifunzia kwa shosho yake. Na kabla hamjatulia atatokea mwingine, kwa kawaida ni msee ambaye hajawahi kuponda hata kiazi kimoja maishani, atangaze kwamba ukitia minji basi huo si mukimo tena.

Mimi baba yangu ni Mmeru wa Imenti, mama ni Mwembu. Hii vita nimekua nayo mezani. Na leo nataka kusema kitu ambacho kitakasirisha pande zote mbili za ukoo: tunagombania sufuria ambayo hakuna kati yetu aliyeianzisha, na ile ambayo ni yetu ya zamani kweli tunaiacha ife kwa sababu tunaionea aibu.

Lakini ngoja kwanza. Sitaki mtu aseme hasira ya Wameru na Waembu ni upuzi, kwa sababu si upuzi. Ingia hoteli nyingi za Nairobi zinazouza vyakula vya kienyeji, usome menyu. Mukimo, githeri, njahi, vyote utaambiwa ni chakula cha Wakikuyu. Vitabu vya watalii navyo huita mukimo "irio", na irio maana yake ni chakula tu. Ni kama mgeni aje Mombasa, aulize hiki kwenye sahani ni nini, aambiwe "ni chakula", halafu aende kwao akaandike kwamba Waswahili wana mlo maalum uitwao Chakula. Ukimwambia mwenye hoteli kwamba hata kwenu Chuka mnapika hiyo kitu, anacheka: "Si nyinyi wote ni watu wa mlimani?"

Hilo "nyinyi wote" lina historia yake. GEMA, muungano wa Wakikuyu, Waembu na Wameru, uliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ukapigwa marufuku 1980. Jina lilipigwa marufuku, mazoea yakabaki. Kila uchaguzi tunahesabiwa kama kapu moja la kura, na kila mtu anajua ni nani hushika mpini wa hilo kapu. Ndiyo maana siku hizi unasikia watu wakisisitiza "Mlima Kenya Mashariki". Mtu aliyechoka kuitwa mdogo wa jirani yake kwa siasa hawezi kukubali aitwe hivyo hata kwa sahani. Akisema "mukimo ni wetu", mara nyingi anachomaanisha ni "na sisi pia tuko". Hiyo naielewa. Hiyo naiunga mkono kabisa.

Mambo yanaharibika akiongeza: "Ni wetu tangu jadi, wengine walituibia."

Fungua sufuria basi. Mukimo wa kawaida una nini? Viazi, mahindi, maharagwe, majani ya malenge. Viazi vilitoka milima ya Andes, huko Peru na Bolivia. Mahindi yalitoka Mexico. Maharagwe haya ya kawaida, rosekoko na wenzake, asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini. Malenge? Huko huko. Yaani vitu vinne tunavyotoleana macho juu yake, hakuna hata kimoja kilichoota hapa kabla meli za Wazungu hazijaanza kuvuka Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Viazi vyenyewe viliingia Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Mahindi meupe yalienea sana nyanda za juu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyanya ya nyanya yako huenda aliolewa kabla hajaonja kiazi hata kimoja.

Hata ndizi ya Mmeru, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hupa mukimo heshima, asili yake ni Kusini-Mashariki mwa Asia. Tofauti ni kwamba ndizi imekaa Afrika karne nyingi mno, hiyo tushaipa kitambulisho. Na minji za yule msee zilitoka Mashariki ya Kati. Kwa hivyo kama uhalisi tunaupima kwa asili ya mmea, minji wana haki sawa na mahindi. Watu watulie.

Sisemi mukimo ni feki. Waitaliano hawakujua nyanya (za mboga, sio za ukoo) hadi zilipoletwa kutoka Amerika, na leo hakuna mtu atawaambia mchuzi wa nyanya si wao. Chakula huwa chenu mkikipika vizazi kadhaa, mkakipa jina, mkakila matangani na harusini. Ninachokataa ni hadithi ya wizi. Huwezi kuibiwa na jirani kitu ambacho nyinyi wawili mlikipokea karibu wakati mmoja.

Na hii hadithi ya uhalisi ina watu inawaumiza, sio maneno tu. Inamuumiza msichana wa Embu aliyeolewa Meru. Anaamka saa kumi usiku kupikia wageni, halafu shangazi wa upande wa bwana anaonja kijiko kimoja na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi getini, "Na hii ni nini?" Inamuumiza mama wa kibanda ambaye ametia sukumawiki iliyosagwa kwa sababu majani ya malenge hayakupatikana sokoni siku hiyo. Umewahi kugundua kwamba polisi wa mukimo halisi hawaonekani wakati wa kumenya viazi? Wanakuja sahani ikishawekwa mezani.

Sasa tuulize swali ambalo linafaa kuulizwa: kabla ya hiyo sufuria, watu wa huku walikula nini?

Walikula wimbi, mtama na mawele. Walikula viazi vikuu, nduma na ndizi. Kwa upande wa kunde kulikuwa na kunde zenyewe na njahi, na mboga zilikuwa terere, managu na majani mengine ambayo leo tunayang'oa tukidhani ni magugu. Ukitaka ushahidi, sikiliza lugha. Majirani zetu Wakikuyu huita mvua ndefu "mvua ya njahi", na mvua fupi "mvua ya mwere", yaani mawele. Msimu mzima wa mwaka umepewa jina la zao. Hakuna mvua ya mahindi wala ya viazi. Wakati watu wanaipa mvua majina, hao wageni hawakuwa wamefika.

Na njahi haikusukumwa kando na Mmeru wala Mwembu. Mwanahistoria Claire Robertson ameandika jinsi serikali ya kikoloni ilivyowasukuma wakulima wa Kenya ya kati, wengi wao wanawake, wapande maharagwe ya kuuzwa ng'ambo, na njahi ikarudishwa nyuma. Njahi, ambayo mama aliyejifungua alikuwa anapikiwa ili apate nguvu, ikawa chakula cha mara moja moja. Leo iko sokoni, lakini bei yake uliza ukiwa umeketi. Hapo ndipo tulipopoteza kitu, na hapo sisikii mtu akigombana.

Haya, nije mahali panaponiuma.

Toka Embu mjini ushuke kuelekea Siakago na Ishiara. Ama toka upande wa Meru ushuke Tharaka hadi Marimanti. Ukiwa njiani baridi inaisha, migomba inaisha, majani chai yanaisha, jua linakukaribisha kwa kofi. Huko bado kuna watu wanapanda mtama, mawele, kunde na ndengu. Si kwa sababu wanapenda mambo ya kale. Ni kwa sababu mvua ya huko ni kidogo, na mahindi yakipandwa mara nyingi hukauka yakiwa yamefika kiunoni. Mawele yanavumilia. Kama unatafuta chakula kikongwe cha mlima huu ambacho bado kinaliwa, uko mahali pake.

Na sisi wa upande wa juu tunakiitaje? Chakula cha njaa. Chakula cha ndege. Nilisoma na msichana wa Tharaka ambaye alikuwa anasema uji wa kwao ni wa wimbi. Haikuwa wimbi, ilikuwa mawele. Lakini wimbi inauzwa supamaketi kwa pakiti nzuri, mtu anaweza kuitaja mbele ya wenzake bila kuchekwa. Mawele hayana pakiti.

Unaona kinachofanyika? Nairobi wakituita "nyinyi wote" tunakasirika. Tukirudi nyumbani, Mbeere tunamwita Embu tu, Mtharaka tunamwita Meru tu, na siku ya utamaduni tunabeba mukimo wa nyanda za juu tukisema hiki ndicho chakula chetu sote. Tunawafanyia wao kile kile tunachofanyiwa, na kwa mwiko ule ule.

Wakati huo, kupanda mawele kunazidi kuwa kazi ngumu. Shamba likianza kukomaa linahitaji mtu wa kufukuza ndege kuanzia alfajiri hadi jioni, siku baada ya siku. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Sasa watoto wako shule, na hilo ni jambo zuri, ila ndege hawakuambiwa. Vijana wameenda mjini kutafuta doh. Anabaki nyanya mmoja na kopo lenye mawe, anapiga kelele peke yake. Kiangazi kikizidi, chakula cha msaada kikija, kinachokuja sana sana ni mahindi. Mtoto anajifunza mapema kwamba chakula cha kweli ni kile kinacholetwa na lori.

Kuna mtu ataniambia, basi kama asili haina maana, majina ya nini? Majina yana maana kubwa. Tuliona Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka. Mkulima wa Mbeere aliamka akakuta soko limefungwa, na miraa ya Meru haikuguswa na marufuku hiyo, ingawa kisayansi ni mmea mmoja, Catha edulis. Ilibidi Mahakama Kuu ya Embu isimamishe hiyo amri kwa muda. Sisemi muguka ni chakula, na sitaki kuingia huo mjadala leo. Nasema jina moja lilikuwa na soko na lingine halina, na mti ni ule ule. Jina ni pesa.

Lakini jina linalindwa kwa kuandikwa, halilindwi kwa matusi. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na inazipa kaunti kazi ya kukusanya na kuandikisha maarifa ya jamii zao. Mwaka wa 2021 UNESCO iliiweka Kenya kwenye orodha ya mifano bora ya kuhifadhi vyakula vya asili, na sio kwa sababu tulithibitisha nani aliponda kiazi wa kwanza. Ni kwa sababu ya kazi ya watu kama Patrick Maundu wa Makavazi ya Kitaifa, waliozunguka vijijini na kuandika mimea ya asili ipatayo 850 kwa majina ya wenyeji. Mwaka huo huo Senegal iliandikisha ceebu jën, wali wao wa samaki. Nigeria na Ghana bado wanarushiana maneno kuhusu jollof, na jina jollof lenyewe limetoka kwa Wawolofu wa Senegal. Maze, wenye jina walikuwa ofisini wakijaza fomu.

Mimi ningependa menyu iandike "mukimo wa ndizi, Meru", kwa herufi za kawaida, bila kumtukana mtu wa Nyeri aliyeandika wake na thabai pale chini. Ningependa zaidi kuona hoteli moja tu ya Embu mjini, ile inayojiita ya kienyeji, ikipika ugali wa mtama na kunde za Mbeere na kuziita za Mbeere, halafu imlipe mkulima bei inayofanana na hayo maneno matamu ya ukutani. Mpaka sasa nimekula katika kadhaa. Kote nimepewa mukimo.

Video zangu tatu zinazokuja ni za mawele. Nimepata kilo mbili kutoka kwa mama mmoja wa soko la Ishiara, na aliponiuzia aliniuliza kama ninafuga kuku. Kwa hivyo kama kwenu ni Mbeere ama Tharaka, niandikieni: mnayapikaje, mnayala na nini, na kwa lugha yenu hiyo sahani inaitwaje? Tafadhali msiniambie ni kama mukimo.